Kanda Kumi na Saba

Sahihi yake niliitambua kabla sijasoma hata neno moja la barua. Zile W mbili ndefu, na mkia wa mwisho umepinda kama ndoano. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiiona chini ya barua za namna nyingine, zile nilizozificha ndani ya foronya ya mto wangu, zinazoanza na "Adero wangu". Hii ilianza na "Kwa Msaidizi wa Utamaduni, Kisumu", tena ilikuwa na muhuri.

Niliisoma nimesimama. Kwa kuwa bei ya mafuta imepanda na bajeti ya mwaka huu wa 1975 ni ya kubana mkanda, ofisi ndogo nane za utamaduni zitafungwa tarehe thelathini Juni. Mali yote ya serikali irudishwe stoo kuu Nairobi: meza mbili, viti vitatu, mashine moja ya kurekodi, kanda kumi na saba. Kanda hizo zifutwe, zipewe idara nyingine irekodie masomo ya kilimo. Wako mtiifu, W. Wepukhulu.

Zifutwe! Nilikaa chini kwenye kimojawapo cha vile viti vitatu, kabla hakijarudishwa.

Mnaosoma hamjui kanda zile zilikuwa na nini, basi niwaambie. Zilikuwa na miaka yangu mitatu. Nilizunguka nazo toka Seme hadi Nyakach, mashine begani, viatu mkononi wakati wa mvua, nikirekodi nyimbo za akina mama wakisaga, majina ya samaki na nyavu ambayo vijana wa mjini hawayajui tena, na ngano za mabibi waliokuwa wakinitaka nirudie kila neno ndipo waendelee. Na kanda nne zilikuwa za Mzee Absalom wa Otonglo, mpiga nyatiti, ile zeze yetu ya nyuzi nane. Mzee Absalom alifariki mwezi wa Machi. Nyatiti yake ilibaki, lakini sauti yake ilibaki ofisini kwangu tu, ndani ya kabati la chuma lenye ufunguo mmoja.

Mimi sikuwa mtu wa kulia ovyo. Niliukunja ule waraka, nikautia mkobani, nikafunga kabati mara mbili.

Alhamisi asubuhi gari moshi la Nairobi likaingia, na yeye ndani yake.

Alikuja moja kwa moja kutoka stesheni, suti yake ya kijivu imekunjamana kwa safari, sanduku dogo mkononi. Alisimama mlangoni akanitazama vile alivyozoea kunitazama, taratibu, anaanzia machoni na kuishia machoni hapo hapo. Moyo wangu haukuwa umepata habari ya barua. Ukaruka. Niliuchukia kwa hilo.

"Adero," akasema.

"Bwana Wepukhulu, karibu. Umekuja na lori, au viti utavibeba kichwani?"

Tabasamu likamtoka. Aliweka sanduku chini. "Umekasirika."

"Mimi? Mfanyakazi wa daraja la chini hukasirika?"

"Adero, nisikilize. Waziri wa fedha amekata. Mkuu wangu aliniletea orodha ya ofisi nane mchana mmoja, akasema zitoke kabla ya saa kumi. Nilipigania ya kwenu. Haki ya Mungu nilipigania. Wakasema shule hazina chaki, zahanati hazina dawa, wewe unatuambia habari ya nyimbo?"

"Ofisi wafunge," nikasema. "Sina ugomvi na hilo. Nimekua nikijua serikali ni ng'ombe mwenye chuchu chache. Mshahara wangu wauchukue, na meza, na mashine. Mashine hununuliwa tena. Nakuuliza juu ya kanda."

Aligeuza macho kwenye kabati la chuma.

"Ulijua kuna nini ndani?"

"Orodha iliandikwa kanda kumi na saba. Sikuuliza."

"Barua ngapi nimekuandikia juu ya Mzee Absalom?"

"Nyingi."

"Ulizisoma?"

"Zote. Zingine mara tano."

"Sasa ulifikiri sauti yake nimeihifadhi wapi? Kwenye chungu?"

Akaketi bila kukaribishwa. Wepukhulu ni mtu mrefu wa Kimilili, mabega mapana ya watu wanaolima mahindi, na ile asubuhi alionekana mdogo kwenye kiti cha serikali. Nilitamani kwenda kumshika kichwa. Badala yake nikaenda kusimama mbele ya kabati.

"Nilikuja na jambo jingine pia," akasema akiangalia sakafu. "Jumapili nilitaka niende kwa mzee wako, kama tulivyopanga. Nimeweka akiba miezi minane ya kuingilia boma lenu. Na Nairobi nimekupatia nafasi wizarani, kupiga taipu. Tungekuwa jengo moja, Adero. Ghorofa moja."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno niliyoyaomba kwa Mungu miaka miwili. Yalikuja siku ambayo singeweza kuyapokea, na hasira yangu ikaongezeka maradufu kwa sababu hiyo.

"Nikupigie taipu barua za kufuta wazee wengine?"

"Hiyo si haki."

"Si haki, ndiyo. Lakini nimeisema."

Tukatazamana. Angeinuka wakati ule akaondoka, pengine hadithi yetu ingeishia hapo. Lakini mlango uligongwa kwa kiwiko, na Mama Dorca akaingia na karai lake la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani.

Mama Dorca ni mjane wa Mzee Absalom. Kila Alhamisi, akishauza sokoni, hupitia ofisini, huweka karai chini, hukaa kwenye kiti cha tatu na kuniambia jambo moja tu: "Fungulia yeye." Namwekea kanda. Husikiliza akiikazia macho mashine, na mara nyingi humjibu marehemu. Nimemzoea. Kwa mgeni ni jambo la kutisha kidogo.

"Fungulia yeye," akasema.

Niliweka kanda makusudi, na kwa chuki, nikitaka Wepukhulu asikie. Nyuzi zikalia. Kengele ya mguuni ikafuata. Kisha sauti ya Mzee Absalom, kavu, yenye kucheka pembeni, ikianza kumsifu mke wake ambaye anapika samaki mpaka paka wa jirani wanahamia kwake.

"Mwongo huyu," Mama Dorca akaiambia mashine. "Siku hiyo ulikataa hiyo samaki. Ulisema chumvi imezidi."

Wepukhulu alikuwa hajui Dholuo, lugha yetu, zaidi ya salamu. Hakuelewa neno hata moja la wimbo, lakini nilimwona akilegeza tai yake, kisha akaivua kabisa na kuishika mkononi mpaka mwisho.

"Huyu kijana ni nani?" Mama Dorca akauliza kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni.

"Ni mtu wa serikali, mama. Ametumwa kuchukua kanda. Zinapelekwa Nairobi, zinafutwa."

"Kufuta ni kufanya nini?"

"Sauti inatoka yote. Kanda inabaki tupu, wanatia maneno mengine."

Mama Dorca aliinamia mashine. Mikono yake ilikuwa bado na magamba ya omena. "Sasa mimi nitazika mtu mmoja mara mbili?"

  Mama Dorca akamgeukia Wepukhulu na kumkagua vile anavyomkagua mteja anayetaka kupunguziwa bei.

"Kijana yangu, wacha nikuulize. Serikali inataka Absalom?"

"Hapana, mama. Inataka kanda."

"Hiyo kanda, Mhindi wa redio haiuzi dukani?"

Tulitazamana, mimi na Wepukhulu. Watu wawili waliosoma, mmoja mpaka chuo kikuu.

"Anauza," nikasema. "Shilingi ishirini na tano moja."

"Basi peleka yeye ile mpya, wacha sisi na hii ya zamani. Nyinyi mnapigana kwa nini? Nimewasikia tangu huko barabarani."

Wepukhulu alitoa nakala ya waraka wake mwenyewe akaisoma tena, kidole kikifuata mistari. "Kanda kumi na saba," akasema polepole. "Nikirudisha kumi na saba mpya, stoo haikosi kitu. Lakini sitaficha. Nitaandika kwamba zile za zamani zimebaki na wenyewe na nieleze sababu. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze." Kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha nene. "Nitazilipia mimi. Zote. Leo."

"Hapana," nikasema.

"Adero, kosa ni langu."

"Kosa ni lako, lakini kanda hazitakuwa zako. Jana zilikuwa za serikali, na serikali ikaamka asubuhi ikazikataa. Ukizinunua wewe peke yako, kesho ukikasirika nami je? Zitanunuliwa na watu ambao hawawezi kuzikataa."

Mama Dorca akatikisa kichwa kwa kukubali. "Absalom hakulipwa na mtu mmoja hata siku moja. Jumamosi tunamkumbuka nyumbani. Amolo anakuja kutoka Muhoroni na nyatiti. Leteni huyu kijana, aone vile thum, muziki wetu, inakula."

Aliinua karai lake na kwenda. Wepukhulu alinisogelea hatua moja. Nilinyoosha mkono nikamzuia kwa ncha za vidole, kifuani, mahali ambapo tai ilikuwa.

"Sijakusamehe," nikamwambia.

"Najua."

"Na taipu siendi kupiga."

"Nimesikia." Hakusogea nyuma. Vidole vyangu vilihisi moyo wake ukienda mbio, na vikakawia pale kuliko ilivyohitajika.

* * *

Baba yangu, Mzee Zadock, alikuwa karani wa tiketi stesheni kwa miaka thelathini, na sasa ni mzee wa kanisa. Alinilea peke yake baada ya mama kufariki nikiwa na miaka tisa, na alinilea vizuri, kwa wimbo wa kanisa na fimbo ndogo. Kwake nyatiti ilikuwa rafiki ya pombe. Na Wepukhulu alikuwa Mbukusu, jamwa, yaani mtu wa kabila lingine, na neno hilo baba alilitamka bila chuki, kama mtu anayesoma jina la stesheni.

Ijumaa nilimwambia yote wakati wa chai. Alisikiliza akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Kwa hiyo serikali imeona mwanga," akasema. "Imekataa kukulipa usikilize walevi. Namshukuru Mungu. Na huyu anayefunga ofisi ndiye anataka kunipa shikamoo Jumapili?"

"Ndiye, baba."

"Nyathina, mwanangu, mimi si mtu mbaya. Mbukusu ni mtu wa Mungu. Lakini nimekaa peke yangu katika nyumba hii nikingoja jambo moja. Mjukuu wangu ataniamkia kwa lugha gani? Atakaa Nairobi, atakuja Desemba amevaa soksi, nimwambie hadithi na yeye amtazame mama yake amtafsirie. Nitakuwa mgeni kwa damu yangu."

 Hilo ndilo lililoniuma, kwamba kati ya maneno yote aliyowahi kusema dhidi ya kazi yangu na dhidi ya mpenzi wangu, hili lilikuwa la kweli.

"Na kesho huendi Otonglo," akamalizia.

"Kesho nakwenda, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yangu ishirini na sita kumjibu hivyo. Akanywa chai yake yote.

* * *

Boma la Mama Dorca lilijaa kabla ya saa nane mchana. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuja, akina mama wameketi kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa bila kanisa kuelezwa sana. Amolo, mwanafunzi wa marehemu, mtu mzima mwenye mkono mmoja ulioungua kwenye kiwanda cha sukari, aliketi kwenye kigoda akakaza nyuzi. Mbele yake Mama Dorca aliweka lile karai la omena, limesuguliwa likang'aa.

Wepukhulu aliketi kando yangu, nafasi ya mtu mmoja katikati, kwa sababu ya macho ya watu.

"Nieleze hii," akaninong'oneza.

"Ni pakruok. Amolo akipiga, mtu yeyote anaweza kumkatiza. Unaweka pesa ndani ya karai, nyuzi zinanyamaza, unajisifu au unamsifu umpendaye. Ukimaliza, anaendelea. Lakini mwingine akitaka kukukata katikati ya maneno, anaweka zaidi yako, na wewe lazima unyamaze. Hakuna mkubwa hapa. Anayetaka kusema, alipe. Hivyo ndivyo nyatiti imelishwa tangu bibi wa bibi yangu."

"Na kama huna zaidi?"

"Basi unakaa unameza maneno yako."

Amolo akaanza. Mama mmoja akaweka senti hamsini akajisifu kwamba mume wake hajawahi kumtafuta kwa jirani. Vicheko. Fundi baiskeli akaweka shilingi akamsifu marehemu aliyempigia harusi yake bure. Mwalimu akaweka mbili. Mama Dorca alikuwa amekwishawaambia wote pesa ni za nini, na hakuna aliyepita kando ya karai mikono mitupu. Lakini sarafu ni sarafu. Nilizitazama zikilia moja moja, na nikajua jua litazama kabla hazijafika hata kanda tano.

Wepukhulu akainuka.

 Aliweka shilingi tano, akasimama na suti yake, mikono imeshikana nyuma kama mwanafunzi. "An Wepukhulu," akaanza, kwa Dholuo iliyovunjika vipande, watu wakashangilia kwa huruma, akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi Wepukhulu wa Kimilili, mtu wa mahindi. Nilikuja Kisumu kukagua viti. Nikamkuta Adero. Tangu siku hiyo sijaketi vizuri—"

"Kata!"

Sauti hiyo niliijua kuliko yangu. Baba alikuwa amesimama penye mlango wa ua, kofia mkononi, koti lake la Jumapili siku ya Jumamosi. Alikuwa amekuja kunichukua. Lakini alikuwa ameletwa na miguu yake hadi mahali ambapo mtu hasemi bure, na alilijua hilo, maana hakuna mtoto wa kando ya ziwa asiyelijua hata awe mzee wa kanisa mara mbili. Akatembea mpaka kwenye karai, akaweka noti ya shilingi kumi. Watu walivuta pumzi.

"Mimi Zadock," akasema, na sauti yake haikuwa ya kanisani. "Nimekata tiketi stesheni miaka thelathini. Nimeona vijana wa suti wakishuka. Wote nimewaona wakipanda tena kurudi walikotoka."

Kelele zilizopigwa hapo, hata kuku waliruka ua. Amolo akapiga nyuzi mara moja, kali, kumpa baba heshima. Wepukhulu aliingiza mkono kwenye koti. Niliiona ile bahasha. Akatoa kumi na tano.

"Mzee, mimi nilikata ya kuja peke yake."

Akina mama wakainuka kwenye mikeka. Baba akaitazama bahasha. "Hiyo si pesa ya kuja kwangu kesho?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Na unaitumia hapa?"

"Mzee ameanza."

Midomo ya baba ikatetemeka, na sikujua kama ni hasira. Akatoa ishirini kutoka pensheni ya mwezi ule. "Mimi Zadock sina mtoto mwingine. Nauliza mbele ya watu. Mjukuu wangu ataniamkia kwa lugha gani?"

Hakukuwa na aliyecheka. Wepukhulu aliweka ishirini na tano, akajibu polepole, kila neno amelipima. "Asubuhi kwa ya mama yake, jioni kwa ya baba yake, mzee. Na mimi mwenyewe nitaketi naye kwenye mkeka, tujifunze pamoja. Kuna kanda kumi na saba za kutufundisha."

"Kata!" Baba akaweka thelathini, noti zimekunjwa kwa hasira. "Kanda ambazo wewe mwenyewe uliandika zifutwe!"

Hilo lilimpata Wepukhulu. Niliona shingo yake ikilegea. Alisimama mbele ya watu wote wale, wenye baba na babu zao ndani ya kabati langu. Kisha akaifungua bahasha, akaiinamisha juu ya karai, na kila kilichokuwa ndani kikaanguka. Miezi minane.

"Mimi Wepukhulu," akasema, "nilitia sahihi bila kuuliza. Mwanamke ninayempenda aliniandikia kila wiki kilichomo ndani ya kanda zile, na mimi niliona idadi tu. Nilikosea. Mama Dorca, nimekukosea. Ndugu zangu, nimewakosea. Mzee, sina tena cha kukukatia. Nimemaliza."

Katika pakruok watu hujisifu. Nimerekodi miaka mitatu, na sijawahi kumsikia mtu akilipa ili ajishtaki. Amolo mwenyewe alisahau kupiga. Mama Dorca alijifuta uso kwa ncha ya leso, na mimi, niliyesema si mtu wa kulia ovyo, nilikuwa sioni vizuri.

Nilimsamehe pale pale. Niseme ukweli, nilikuwa nimemsamehe tangu Alhamisi, alipovua tai.

Baba hakuwa na pesa tena, nami nililijua hilo kwa jinsi alivyovaa kofia yake. Akanigeukia. "Adero. Twende nyumbani."

Watu wote wakanitazama. Wepukhulu peke yake hakunitazama. Alitazama chini, akiniachia njia. Na hapo niliona wazi, kama mtu aliyewashiwa taa, kwamba tangu asubuhi ya ile barua kila mtu alikuwa akisema mahali nitakapokwenda. Serikali ilisema, Wepukhulu akasema ghorofa moja, baba akasema nyumbani. Na mimi ndiye niliyebeba mashine begani katika matope ya Nyakach.

Nikafungua mkoba. Nilikuwa na shilingi nane za kunifikisha mwisho wa mwezi. Nikazitia zote kwenye karai na kumwashiria Amolo anyamaze, ingawa alikuwa kimya tayari.

"Mimi Adero nyar Zadock," nikasema, na sauti yangu ilitoka nzito hata nikaistaajabia. "Msichana wa kabati la chuma. Serikali imenifunga, mimi sikufungika. Kanda haziendi Nairobi. Na mimi siendi Nairobi. Nitafundisha shule ya msingi hapa, na Jumamosi nitazunguka na daftari kama sina mashine. Wepukhulu simwachi. Akinitaka, aombe uhamisho au alime mahindi kando ya ziwa, lakini mume wangu ni huyu. Na baba yangu simwachi. Watoto nitakaowazaa watamwamkia kwa Dholuo, kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, mpaka achoke kuitika."

Nikavuta pumzi. 

"Sijamaliza. Anayetaka kunikata, alipe."

Boma zima lilimgeukia baba. Alisimama palepale, mkono mmoja kwenye ukingo wa kofia. Niliuona mkono ule mwingine ukishuka taratibu mpaka mfuko wa suruali, ukatafuta, ukahamia mfuko wa koti, ukatafuta tena. Wepukhulu aliinua uso. Mama Dorca alinong'ona, "Yawa, Zadock, wacha." Baba alipata senti hamsini, moja tu. Akatembea nayo mpaka kwenye karai, hatua zake za mzee wa kanisa, akainama. Senti hamsini haikati shilingi nane, kila mtu alijua, na yeye alijua kuwashinda wote.

Aliidondosha. Kisha akamwambia Amolo, kwa sauti ya chini ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia:

"Hiyo si ya kumkata. Nimelipa aendelee kusema."